Sikio la Nekesa

Enzi zetu, wenzangu mliokula vumbi la miaka ya hamsini, nani alimjua mwalimu wa kuogelea mwenye filimbi shingoni? Sisi tulikuwa na mto wa Kamukuywa, na tuliugawa madarasa wenyewe. Pale mama zetu walipofulia, maji ya magotini, palikuwa pa Vifaranga. Mbele kidogo, maji ya kifuani, pa Bata. Kwenye kona ya mkuyu, maji meusi, wakubwa peke yao.

Kipimo cha kupanda darasa tulikitoa shuleni. Si mnakumbuka? Mtoto anapitisha mkono juu ya kichwa, akigusa sikio la upande wa pili, basi ameiva kuanza shule. Tukaona kilichomtosha mwalimu kitautosha na mto.

Mdogo wangu Nekesa alikuwa na mikono mirefu kuliko umri wake. Kila mara mama alipokwenda kupalilia shamba la wimbi aliniambia, "Nasimiyu, huyu mtoto nimekuachia wewe. Ukirudi bila yeye, mimi sikujui." Nilikuwa na miaka tisa, na maneno hayo niliyabeba kutwa nzima.

Jumamosi moja Nekesa alipitisha mkono, akalishika sikio lote na kulivuta. Watoto wakapiga kelele, "Ameiva! Aende kwa Bata!" Nilijua hajawahi hata kuzamisha uso. Lakini niliona haya kuitwa mwoga mbele ya wenzangu, nikasema, "Haya, nenda."

Hatua tatu alikuwa anacheka. Ya nne sikumwona. Niliona ule mkono mrefu tu, ukipapasa juu ya maji. Niliruka na gauni langu, nikamdaka kiganja, nikamburuta hadi kwenye matete. Akatapika maji, akakohoa, kisha akaniangalia kwa uchungu.

"Kwani nimefeli? Si niligusa sikio?"

Tulikaa juani mpaka nywele zikakauka. Jioni ugali na mboga ya murere sikuvigusa, nikamdanganya mama kwamba jino linaniuma. Mama alizikwa bila kujua.

Juzi, hapa Kitale, nilimpeleka mjukuu wangu kwenye bwawa la hoteli. Watoto wa siku hizi! Miwani ya maji, maboya mikononi, na bado wanalia kwamba maji ni baridi. Nikapewa fomu ya mafunzo ya kuogelea: daraja la kwanza, la pili au la tatu? Mama yake, aliyekuja nasi na huniita nyanya kama mtoto wake, akaniambia, "Kukhu, andika la pili, si ako mrefu?"

Nikaandika la kwanza. Mtoto akanuna, ati hilo ni la watoto wadogo. Anune tu, nikasema moyoni.

Nyumbani nilimpigia Nekesa simu huko Bumula, bibi mzima sasa, nikamsimulia.

"Umefanya vizuri, dada," akasema. "Lakini sikio niligusa."