Gurudumu la Mama Adela na Mti wa Jeneza

Usidhani nakutungia. Haya yamenifika mimi mwenyewe, Temeke, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na randa mkononi. Nimekaa nayo miaka mingi kwa sababu ya aibu, si kwa sababu ya woga. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize mpaka mwisho, maana kuna mzee mmoja ambaye jina lake lilichafuka kwa ajili yangu.

Nilikuwa seremala. Zilikuwa siku za Ujamaa, kila mtaa una kikundi chake cha kujitegemea, na akina mama wa kwetu walikuwa wameamua kusokota pamba. Mwalimu wao alikuwa Mama Adela, mjane kutoka Masasi, jirani yangu nyumba ya tatu. Alikuwa na gurudumu la kusokotea nyuzi ambalo marehemu mumewe alilichonga kwa mikono yake, kwa kuangalia tu moja lililokuwa misheni kwao. Katika kuhamahama mpaka kufika Dar, vipande vingine vikapotea.

Siku aliponiletea nililigeuzageuza kila upande. Niamini, halikuwa na msumari hata mmoja. Kila njiti ilichongwa kwa kisu na kuingizwa kwenye tundu lake sawasawa. Lakini mhimili wa katikati haukuwepo, mguu mmoja haukuwepo, na mkono wa kuzungushia ulikuwa umevunjika.

"Fundi, litazunguka tena?" aliniuliza.

"Litazunguka, mama. Litazunguka kuliko zamani."

Mdomo wangu huo. Mhimili hautaki mti mbichi. Mti mbichi ukikauka unajipinda, gurudumu linatetemeka, na uzi unakatika kila mara. Nilichonga mhimili wa kwanza, likatetemeka. Nikachonga wa pili, likatetemeka vilevile. Mbao kavu siku zile zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na Mama Adela alikuwa akipita kila jioni kuniuliza. Yule mume wake, ambaye hakuwa hata fundi wa kusomea, alikuwa amenishinda nikiwa na zana zangu zote. Jambo hilo lilinikera kuliko ninavyoweza kukueleza.

Wiki hiyohiyo Mzee Shomari, mwadhini wa msikiti wetu, akaniletea jeneza. Kama hujui desturi yetu, jeneza hatulizikii mtu. Ni mali ya msikiti. Linambeba maiti mpaka kaburini, yeye anashuka, lenyewe linarudi kumngoja mwingine. Lina miti miwili mirefu ya kubebea, kushoto na kulia. Wa kushoto ulikuwa umepasuka nchani, ufa wa kidole kimoja tu, na Mzee Shomari alitaka niufunge kwa bati.

Nikaushika mti ule. Mvule wa zamani, mkavu, umenyooka, umelainika kwa mabega ya watu. Je, unajua nilichofanya?

Nilimwambia Mzee Shomari mchwa wameula kwa ndani, hauna kazi tena.

"Basi weka mwingine," akasema. "Na huo mbovu nirudishie, tukauzike. Kitu cha wakfu hakitupwi ovyo."

Alipokuja kuuchukua nikamwambia umeungua, nimeuchoma na taka kwa bahati mbaya. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya, fundi, Mungu anajua," akaondoka. Mti mpya niliouweka kwenye jeneza ulikuwa wa mbao ya kreti kutoka bandarini, laini, una jicho katikati, pale tawi lilipokuwa limeota, na hapo ndipo mti huvunjika upesi. Nikaupaka rangi ya kahawia mpaka jicho likafichika. Moyoni nikajiambia, kwani maiti ana uzito gani? Nakwambia maneno yale kama nilivyoyasema, ili unijue nilikuwa mtu wa namna gani.

Ule mvule nikaukata. Ukatoa mhimili, mguu na mkono wa kuzungushia.

Nilimaliza siku ya Ijumaa. Sikwenda kuswali, nilitaka Mama Adela alikute tayari. Mtaa ulikuwa mtupu, wanaume wote wako msikitini, jua limesimama utosini. Unajua wazee wetu wanatukataza kuzurura saa ile. Nikalizungusha gurudumu kwa mara ya kwanza. Lilikwenda kimya, halikutikisika hata kidogo. Nilifurahi peke yangu kama mtoto.

Nilipoinua macho, mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi langu. Sikumsikia akiingia. Alivaa kanzu nyeupe, safi, na alikuwa ameegemea kushoto, ingawa upande huo hapakuwa na kitu cha kuegemea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Linazunguka vizuri. Mti gani huo?"

"Mvule."

"Umeupata wapi?"

"Nimenunua Keko," nikasema. Uongo wa tatu huo, kama unahesabu.

Akanyoosha mkono akaugusa mhimili. "Huu umembeba mama yangu," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Umembeba na mke wangu." Kisha akanigeukia. "Na mie, fundi, umeniwekea mti gani?"

Nikadhani ni mzee aliyepotewa na akili, wapo wengi. Nikamwambia kwa upole kwamba hakuniagiza kitu. Akatikisa kichwa, akainuka, akatoka huku amelalia kushoto kama mtu aliyebeba ndoo nzito. Nilichungulia barabarani baadaye kidogo nione anaelekea wapi. Barabara ilikuwa nyeupe, haina mtu.

Sala ilipokwisha nikasikia watu wanakuja wakisoma dhikri. Kumbe kulikuwa na msiba, mzee wa mtaa wetu aliyehamia Mbagala zamani, kabla sijafika mimi, akarudishwa kuuguzwa kwa mwanawe, amefariki alfajiri. Jeneza likipita, mwanamume hakai. Nikatoka. Na nilipoiona ile rangi yangu ya kahawia ikipanda na kushuka juu ya mabega ya watu, nikalikumbuka lile jicho. Nikajipenyeza kwenda upande wa kushoto nikatie bega langu palepale kwenye jicho. Walikuwa wamebaki watu wawili mbele yangu mti ulipokatika.

Sitaki kukusimulia sauti ile. Jeneza lililala kushoto, maiti akateleza, vijana wakamdaka sentimita chache kutoka ardhini. Mwanawe alipiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mwanamume yeyote. Wakambeba mikononi njia iliyobaki, nami nikiwa mmoja wao, na kwa kuwa nilikuwa karibu, nikaambiwa niingie kaburini kumpokea. Unajua kule chini sanda hufunguliwa kamba ili shavu liguse udongo. Nikafungua. Alikuwa ni yule mzee wa kwenye benchi langu.

Siku ya pili, kwenye kikao cha msikitini, lawama ikatafuta pa kutua. Ikatua kwa Mzee Shomari. Watu walisema aliliacha jeneza pale stoo inapovuja, likaoza. Mwana wa marehemu alimtukana mbele za watu. Mzee Shomari alijibu tu kwamba ile ilikuwa amana yake na imeharibika mikononi mwake. Wakamnyang'anya funguo za stoo, na uadhini akaacha mwenyewe. Akahamia shambani kwake Mbagala. Na mimi? Mimi nilikuwepo, nimekaa safu ya nyuma, nakuna goti.

Mama Adela alikuwa ameshalichukua gurudumu lake na kulisokotea siku chache. Nilibuni sababu, nikavitoa vile vipande vya mvule, nikavizika pembeni ya kaburi la yule mzee. Nikamwekea mti mpya. Gurudumu likarudia kutetemeka, uzi ukawa unakatika, na kikundi hakikufika mbali. "Mwanzoni lilikwenda vizuri mno, fundi," alikuwa akiniambia, bila lawama. Nilikuwa nabadili njia nisipite mlangoni kwake.

Tangu siku ile bega langu la kushoto limeshuka. Nimekwenda hospitali, nimekwenda kwa waganga, hakuna aliyeona ugonjwa. Nikivaa kanzu, pindo la kushoto linaburura chini, na fundi cherehani ananishonea upande ule mfupi.

Ilinichukua mwaka mzima kwenda Mbagala. Nilimkuta Mzee Shomari anapalilia mihogo. Nikapiga magoti mchangani, nikamweleza kila kitu. Aliendelea kupalilia mpaka nikamaliza.

"Nilijua," akasema. "Jioni ile ya mazishi nilikuja kwako kukuuliza ule mti mpya ulikuwa mbao gani. Hukuwepo. Gurudumu lilikuwa barazani kwako. Mti niliousafisha kwa mikono yangu kila Alhamisi nisiutambue?"

"Sasa kwa nini hukusema, mzee wangu?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Akanisamehe. Aliniambia jambo moja tu limebaki, nirudi nikaseme msikitini, ili wajukuu zake wasisikie tena babu yao akiitwa mzembe. Nikamwahidi Ijumaa inayofuata. Ijumaa ile nilifika mpaka mlangoni, nikavua viatu, nikavivaa tena, nikarudi nyumbani. Nikasema, wiki ijayo. Wiki ya nne ikaja habari kwamba Mzee Shomari amefariki, wameshamzika kulekule Mbagala. Waliokwenda walisema kwamba siku zake za mwisho, kila Ijumaa baada ya sala, alikuwa akiuliza kama kuna habari yoyote kutoka Temeke.

Basi habari yenyewe ndiyo hii, imechelewa. Jeneza lilivunjika kwa mkono wangu. Mzee Shomari hakuwa na kosa lolote. Nawe unayenisikiliza, kama yuko mtu anayebeba lawama yako, usingoje Ijumaa. Nenda sasa hivi, angali hai na anauliza.