Sita kwa Nane Haimo Kwenye Rafu

Hana cheti. Hana ovaroli ya kimo chake. Aliyovaa ameikunja miguu mara tatu. Hana shule zaidi ya darasa la tano, hana mjomba ofisini, na asubuhi hii hana muda. Barua yake ya kuomba kufanya jaribio la ufundi inatakiwa ipigwe muhuri wa posta leo kabla ya saa kumi, na fundi mkuu bado hajaitia saini.

Saa tatu asubuhi, mama huyu wa miaka hamsini na miwili amesimama kati ya rafu za stoo, katika kiwanda kikubwa cha udobi kinachofua mashuka ya hospitali. Wenzake humwita Mama Stoo. Bolti ya bomba la mvuke imekatika. Mashine zote kimya. Vyumba vya upasuaji vimebakiwa na mashuka ya kufikia saa sita tu.

"Bolti ya inchi sita kwa nane!" fundi mkuu anafoka, daftari la michoro mkononi. "Rafu ya nane ina tano kwa nane, ina saba kwa nane. Sita hamna. Nani kaiba?"

"Hajaiba mtu, mkuu."

"Basi lete tano. Itashika tu."

Mkuu anaitia. Inacheza ndani ya tundu kama jino bovu. Fundi mkuu anaagiza iongezewe washa, pete ya chuma ya kujaza nafasi.

Mama Stoo anahisi barua mfukoni. Akinyamaza, saini ataipata. Akimbishia mbele ya mafundi wake, heri aichane mwenyewe.

"Mkuu, usifungulie mvuke. Sita kwa nane tunayo, rafu ya nne, yenye maboksi ya robo. Ni robo tatu."

Mafundi wanaangua kicheko. "Mama, wewe hesabu mashuka," mmoja anamtania. "Nane na nne wapi na wapi?"

Mama Stoo anachana ukanda wa boksi, anaukunja sehemu nne sawasawa, anapaka tatu wino. Kisha anaukunja tena, kila sehemu katikati.

"Haya, hesabuni."

Sehemu nane. Zenye wino, sita.

"Ukanda umerefuka? Wino umepungua? Vipande ndio vimekuwa vidogo. Aliyechora daftari alipima kila kitu kwa vipande vya nane. Walioandika maboksi ya bolti wakafupisha."

Fundi mkuu anaifuata robo tatu mwenyewe. Nati inazunguka kwa vidole, kisha kwa spana. Anafungua valvu taratibu, wengine wote wamerudi nyuma hadi mlangoni. Mshale wa kipimo unapanda, unapanda, unatulia. Bomba halitoi hata pumzi.

"Miaka kumi na mmoja nazipanga hizi bolti," Mama Stoo anasema. "Jioni nilitembea kilomita sita kwenda darasa la watu wazima. Mwalimu alitukunjisha karatasi mpaka nikaziota. Nikifaulu, nataka nifunge mabomba, si kuwapa wengine wakafunge."

Fundi mkuu anamjia, uso umekunjamana.

"Umeniumbua."

"Ungeungua, mkuu."

"Lete hiyo barua kabla sijabadili nia."

Anasaini akiwa amesimama. Penye nafasi ya maoni anaandika: *Mbishi. Hesabu zake ni sahihi.* Kidole chake kinaacha alama ya grisi.

Saa nane na nusu, kwenye kaunta ya posta, Mama Stoo anaisoma mara mbili. Grisi haifutiki. Analamba gundi, anaikandamiza bahasha kwa kiganja, kisha anamsukumia karani.