Mahindi ya Njano ya Mama Ngoie

Nikifungua chupa ile, majivu ndiyo yanayonifikia kwanza puani. Majivu makavu ya kuni, na nyuma yake harufu ya mahindi yaliyokaa muda mrefu gizani. Zamani ilikuwa chupa ya divai ya misa. Tulipewa na katekista. Sasa iko juu ya kabati langu hapa Kasungami, na kila ninapoishusha nasema basi, mwakani sipandi tena. Nimechoka, sitawaficha. Halafu napanda.

Baba alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo nje ya mji wa Lubumbashi. Hakuwa mtu wa digrii. Alikuwa fundi wa shamba, mtu wa kupanda, kupima na kuandika, na kwa miaka mingi alifuatilia aina moja tu ya mahindi meupe. Udongo wetu huu mwekundu una uchachu, mahindi yakiota humo bila mbolea yanadumaa. Baba alichagua yale machache yaliyozaa hivyo hivyo kwenye shida, akayapanda tena, akachagua tena. Mama alikuwa akisema ameolewa na mwanamume mwenye mke mwingine shambani.

Kisha mambo yakaharibika. Mishahara ilichelewa, ikakatika, tukazoea. Halafu zikaja siku za uporaji. Wanajeshi walianza na maduka ya mjini, raia wakafuata, na siku ya tatu watu walifika hata kituoni. Walibeba friji, milango, mabati, mpaka vitasa. Mbegu hawakuzitaka kabisa. Walichotaka ni magunia, kwa hiyo walizimwaga chini, aina juu ya aina, wakakunja magunia yao wakaenda zao.

Baba alirudi na konzi mbili za mahindi meupe mfukoni mwa koti. Zilikuwa zimebaki kwenye droo ya meza yake. Alizimimina juu ya sahani mbele ya mama.

"Njo iyi tu," alisema. "Ingine yote imeisha."

Alikaa pale na viatu vyenye matope, hakuvivua mpaka tulipomaliza kula bukari, ugali wetu. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima amechoka namna ile, na niliogopa kuliko nilivyoziogopa risasi.

Mbegu zile zilikuwa za zamani. Zisingepandwa msimu ule zingekufa, na kazi yake yote ingekufa nazo. Akazipanda nyuma ya nyumba, mashimo machache tu. Shida ilikuwa upepo. Ng'ambo ya mfereji kulikuwa na shamba la Mama Ngoie, mjane mwenye watoto watano, naye alipanda mahindi yake wakati uleule. Mahindi hayana aibu: unga wa maua ya jirani ukiruka ukatua kwenye nywele za hindi lako, punje inayozaliwa ni ya jirani.

Ndiyo maana kila hindi changa lilipaswa kuvikwa mfuko wa karatasi kabla nywele hazijachungulia. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Baba siku hizo alisukuma baiskeli ya makala, yaani mkaa wa kuuza, kutoka porini, analala huko, anarudi kesho yake au keshokutwa. Mifuko tuliishona kwa kurasa za madaftari yake ya kazi, maana madaftari hayakuwa na kazi tena. Akirudi, anafungua mfuko, anazipunguza nywele kwa kisu ili zichipue sawasawa, kesho yake anazinyunyizia unga wa maua ya mahindi yetu wenyewe, anafunika.

"Mado," aliniambia, "kila asubuhi. Usipite siku moja. Unasikia?"

"Ndiyo, papa."

Nilikuwa na miaka kumi, na mwaka ule nilikuwa napokea komunyo ya kwanza. Shangazi yangu wa Ruashi alikuwa ananishonea gauni kwa pazia lake la sebuleni. Pazia! Lakini lilikuwa jeupe, lina maua, na mimi sikuwa na akili nyingine kichwani. Baba akiwa porini, nikaenda kulijaribu, nikalala huko siku mbili, nikijizungusha mbele ya kioo.

Niliporudi, mahindi sita yalikuwa yameshatoa nywele nje, ndefu, zinang'aa, na upepo ukivuma kutoka kwa Mama Ngoie. Nikafikiri haraka: baba huzikata, si ndiyo? Basi nikachukua mkasi wa mama, nikazikata zote mpaka chini, nikayavika mahindi mifuko yake. Kwa akili yangu nilikuwa nimeyanyoa, na vumbi la jirani limeanguka pamoja na nywele. Baba aliporudi hakuuliza, nami sikusema.

Kwenye kitubio nilimwambia padiri kwamba nimekata nywele za mahindi. Akacheka kidogo, akasema hiyo si dhambi, mwanangu, endelea. Nikaendelea na nyingine, ndogo zaidi.

Siku ya mavuno baba alibandua maganda, hindi moja moja, mimi nikishika sahani. Matatu ya kwanza yalikuwa meupe matupu. La nne lilikuwa na punje za njano, zimetawanyika hapa na pale. La tano hivyo hivyo. Alipofikia la tisa nilikuwa nalia.

"Siku ngapi?" aliuliza, bila kuniangalia.

"Mbili, papa. Nilikata nywele."

"Ukisha kukata, ile iko tayari ndani," alisema polepole. "Inateremuka mbio kuliko mukasi."

Nilingoja kofi. Halikuja. Alikaa kwenye kigoda akaanza kung'oa zile za njano kwa ukucha wa gumba, punje moja moja, alasiri nzima, mpaka kidole kikatoka damu. Nyeupe aliziweka kwenye chupa na majivu, za njano alimpa mama azipike. Tulizila kwa chumvi. Nilikula nikiamini kwamba hata zilizobaki nimeziharibu na kwamba baba ananificha kwa huruma.

"Za mweupe njo zetu," alisema. "Kula."

Kituo hakikufunguliwa tena. Baba alipanda mbegu zile kila baada ya miaka miwili mitatu, hakuna aliyekuja kuziulizia, mpaka mapafu yalipomshinda. Kwenye kilio chake Mama Ngoie, sasa ameshazeeka, alikaa karibu nami kwenye mkeka.

"Papa yako alinisumbua, Mado! Ule mwaka ya pillage, wakati walipora kituo, nilikuwa na mihindi yangu ya mweupe tayari. Akakuya mara tatu na kopo ya mihindi ya jaune, ya njano. Namuambia, Papa Mado, iyi njo chakula ya kuku! Anasema, mama, panda tu, nitakulimia ule mufereji. Na akalima, muntu mwenyewe iko mifupa tu."

"Juu ya nini jaune?" nikamuuliza.

"Nilimuuliza vile vile. Akasema: 'Mutoto wangu iko mutoto. Siku moja atasahabu. Kama iko jaune, kosa itaonekana, tutaitosha.'"

Tutaitoa, ndivyo alivyosema: meupe ya jirani yangejificha ndani ya meupe yetu. Asingeweza kumkataza mjane asipande, watoto watano wangekula nini? Kwa hiyo alitafuta mahindi ambayo hayajui kujificha, akayalipia kwa mgongo wake, kabla hata shangazi hajashusha pazia. Kilichobaki cheupe kilikuwa kizima kweli. Miaka yote ile nilidhani ananidanganya.

Wiki iliyopita mvua ilianza. Nimeishusha chupa, mgongo unaniuma, nimenung'unika kama kawaida yangu. Binti yangu ametimiza miaka kumi na ameomba yeye ndiye avike mifuko. Nikamwambia sawa, kila asubuhi, usipite siku moja. Kisha nikajaza kopo mahindi ya njano, nikavuka mfereji kwenda kumbembeleza jirani.