Nilivyokimbia Maji ya Ndege

Kabla ya moto ule sikuwahi kuufikiria mkono wangu wa kulia. Ulifanya kazi yake, nami nikafanya yangu. Nilizaliwa Kabungu, na kama wanaume wengi wa kwetu nilikuwa mtu wa nyuki. Mizinga yetu ni ya magome. Tunaining'iniza juu kabisa kwenye miti ya porini, na ili kuifikia unapanda kwa kamba, mkono mmoja umeshika tawi, mwingine umeshika kijinga cha moto chenye moshi. Mkono wa tawi ndio unaokuzuia usianguke. Kwangu ulikuwa wa kulia.

Nawaandikia nyie mlioungua, na nyie mnaomuuguza aliyeungua. Nilichokiona mwenyewe nitakisema nilivyokiona. Nisichokiona, kwa sababu nilikuwa kifudifudi au sina fahamu, nitamtaja aliyenisimulia.

Wakati wa kiangazi nilikuwa natafuta kibarua. Misimu kadhaa nilikwenda bonde la Rukwa kufanya kazi kwa bwana nzige, ofisa wa serikali wa kuangamiza nzige. Nzige wekundu walizaliana katika nyasi za mbuga ile, na ndege ndogo zilipita chinichini zikiwamwagia sumu. Sisi vibarua tulisimama na bendera nyeupe kuionyesha ndege pa kupita. Kabla ya kufundishwa jambo jingine lolote tulifundishwa hili: ndege ikishuka, ondoka. Kimbia kuukata upepo, usikimbie kuufuata. Ziba mdomo. Tulilirudia zoezi hilo mpaka miguu ikalijua bila kusubiri kichwa.

Kisha reli ikafika Mpanda, mbao zikatakiwa, na bwana misitu akaanza kuajiri watu wa kulinda miti isiungue. Hiyo ilikuwa kazi ya karibu na nyumbani. Nikaandikishwa pamoja na shemeji yangu Pesambili, mdogo wake mke wangu. Tulifyeka njia pana porini, ili moto ukifika ukose cha kula. Nyapara wetu aliitwa Kalinde, mtu asiyesema neno kama kidole kinatosha kuonyesha.

Mwezi wa tisa moto ukatoka upande wa ziwa. Nani aliuwasha sijui, na niliowauliza baadaye kila mmoja alitaja kijiji kisicho chake. Upepo ulikuwa mkali. Kalinde alitupeleka mgongoni mwa kilima, tukachoma nyasi za mbele yetu makusudi, ili moto mkubwa ukija ukute majivu. Tulipomaliza tulisimama juu ya majivu hayo, katambuga zetu za tairi zikinuka mpira. Palikuwa salama. Nataka mlielewe hilo: nilikuwa nimesimama mahali salama.

Ndipo tukasikia ndege.

Niliyoyajua baadaye ni haya. Ndege ile haikuwa ya nzige. Ilikuwa ndege ya kutua majini, na ilikuwa Karema, kando ya ziwa, kwa wazungu waliokuwa wakilipima. Bwana misitu aliwaomba wajaribu jambo ambalo kwetu halijawahi kuonekana: wajaze matangi yake maji ya ziwa, waje wayamwage juu ya moto. Habari ilitumwa kambini kwa gari. Ilipofika, sisi tulikwisha kupanda kilimani.

Mimi niliona tu ndege inashuka. Chini ya tumbo lake palikuwa na vitu viwili virefu kama mitumbwi, nami nikaviona nisivitilie maanani. Ilipofika mbele yetu ikaachia mkia mweupe nyuma yake.

"Sumu!" nikapiga kelele. "Sumu jamani, kimbieni!"

"Sumu ya nini?" Pesambili akauliza. "Hapa kuna nzige?"

Anasema nilimtazama usoni. Mimi sikumbuki kumtazama. Nakumbuka nilikuwa tayari nakimbia, nimeziba mdomo kwa shati, naukata upepo kama nilivyofundishwa. Kuukata upepo kulinitoa kwenye majivu na kuniingiza kwenye nyasi ambazo hatukuwa tumezichoma. Zilikuwa zimenipita kimo. Moto ulikuwa ndani yake tayari, unakuja kwa ubavu.

Mguu ulinasa, nikaanguka. Mkono wa kulia ulitangulia, ukatua juu ya gogo lililokuwa likiungua kwa ndani. Kwa nje lilionekana zima. Lilipasuka kama chungu, mkono ukazama ndani ya makaa hadi karibu na kiwiko. Moto wa nyasi ukapita mgongoni na kwenye sikio. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayepasua kitambaa karibu sana na kichwa chako.

Yaliyofuata nimesimuliwa na Pesambili. Anasema yeye hakukimbia kwa sababu alikuwa anashangaa, mdomo wazi, na maji yakamwangukia mwilini mwote. Yalinuka kama kapu la dagaa. Mengine yalichukuliwa na upepo. Yaliyobaki yalizima eneo la ukubwa wa uwanja wa kanisa, basi. Moto wenyewe ulikuja kufia kwenye majivu yetu. Ila Pesambili alikuwa amelowa hadi kwenye nywele, na kwa kuwa amelowa aliweza kuingia kwenye nyasi zinazowaka, akanishika miguu na kunivuta nje. Nguo zake zilitoa mvuke, hazikushika moto.

Nilizinduka nikiwa juu ya machela ya miti. Nikauona mkono wangu. Ngozi ya kiganja na ya vidole ilikuwa imebambuka, inaning'inia, kama gome tunavyolivua kwenye mti tukitaka kutengeneza mzinga. Ndani palikuwa peupe. Mgongo uliuma mpaka nikang'ata kamba ya machela. Mkono haukuuma hata kidogo. Nikafikiri: angalau mkono umepona.

Njiani mtu mmoja alitaka kunipaka mafuta ya chatu. Kalinde akasema, "Usimguse." Hayo ndiyo maneno pekee niliyomsikia akisema siku ile. Wakanipandisha kwenye lori la bwana misitu hadi hospitali ya misheni.

Daktari alikuwa mzungu mwenye umri, Kiswahili chake cha polepole. Alikuja na sindano ndefu, akanichoma mgongoni. Nikapiga ukelele. Akachoma begani, nikalia tena. Akachoma kiganja.

"Hapa?"

"Sisikii."

"Hapa?"

"Sisikii kitu, daktari."

Nilidhani atafurahi. Akaifuta sindano, akakaa kwenye kiti.

"Panapouma pako hai," alisema. "Pasipouma ndipo ninapopaogopa."

Tangu siku hiyo ganzi ya mkono ikapanda kichwani. Sijui niseme vipi zaidi. Walikuwa wanabadilisha bandeji kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na bandeji ya mgongo ikitoka inatoka na nyama, nami nalia kama mtu mwingine ndiye anayelia. Usaha wa mkono ulikuwa wa kijani. Harufu yake ilikaa kwenye chandarua, kwenye uji, hadi kwenye maji ya kunywa. Nzi walinijua. Mke wangu, Mama Yustina, alikaa kando ya kitanda akiwafukuza kwa tawi, ananieleza habari za nyumbani: kuku wametaga, jirani kafiwa, mvua bado. Nilizisikia kama habari za kijiji nisichokijua. Binti yetu Yustina aliletwa kuniona, akaogopa sikio langu, akajificha nyuma ya mama yake. Sikuona uchungu. Nilimtazama tu.

Siku moja daktari akaja na kusema wazi. Kidole cha mwisho kimekufa na lazima kitoke. Vilivyobaki bado anavitazama. Uozo ukipanda, atakata mkono chini ya kiwiko ili aokoe maisha. Usipopanda, anaweza kuchukua ngozi ya paja langu na kuipanda kiganjani, lakini ngozi hiyo huenda ishike, huenda isishike. Hiyo ni kungoja, na kungoja kuna hatari.

"Ukate," nikamwambia. Nilisema kama mtu anayeagiza chai.

Mke wangu akaacha kupunga lile tawi.

"Baba Yustina, umesema nini?"

"Akate. Tumalize."

"Mizinga ataipanda nani? Pesambili? Pesambili anaogopa hata ngazi ya kanisa!"

Pesambili alikuwa mlangoni. "Dada, niache mimi. Sikuungua mimi."

"Wewe nyamaza. Daktari, huu mkono si wake peke yake. Unatulisha watatu. Ukioza, kata, sitakuzuia. Ila usikate kwa sababu yeye amechoka."

Daktari alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Nani aamue?"

Nikasema, "Yeye." Sikusema kwa upendo, nakiri. Nilisema kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kubishana.

Kidole kilitoka. Uozo haukupanda. Ngozi ya paja ilichukuliwa vipandevipande, ikatandazwa kiganjani, na kwa siku nyingi nilifungwa mkono kwenye ubao nisiusogeze. Paja liliuma kuliko kiganja. Mkono ulipofunguliwa, vipande vingine vilikuwa vimeanguka, vingine vimeshika, vya rangi ya waridi kama panya mchanga. Vidole vilikuwa vigumu, vimejikunja kama kucha za mwewe.

Baada ya daktari nikakabidhiwa kwa dresa, msaidizi wa kufunga vidonda, kijana wa Kinyamwezi asiye na huruma hata chembe, ambaye leo namshukuru. Kila asubuhi alinipa donge la kitambaa.

"Bana."

"Siwezi."

"Sikuulizi kama unaweza, mzee. Bana."

"Sisikii kama nabana au sibani."

"Basi utajuaje kuwa huwezi?"

Mke wangu alisikia maneno hayo. Akaenda nyumbani, akarudi na bonge la nta, nta ya mizinga yangu mwenyewe. Aliliweka juani kidogo lilainike, akanitilia kiganjani, akanikunjia vidole kwa mikono yake.

"Bana, halafu nipe nione."

Nilibana. Akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Palikuwa na alama ya dole gumba peke yake, ya kina kidogo. Mimi sikuwa nimesikia chochote. Lakini alama ilikuwa pale, na mtu mwingine hakuigusa.

Kila asubuhi ikawa hivyo. Anaikanda nta iwe laini tena, ananipa, nabana, anaitazama. Alama ya pili, ya kidole kingine, ilichelewa sana. Ilipokuja, Mama Yustina alimwita dresa, dresa akamwita daktari, wakasimama watu watatu wazima wakilitazama bonge la nta kama mtoto aliyezaliwa. Mimi nikatazama nyuso zao. Bado sikuwa na furaha yangu mwenyewe, nikaiangalia ya kwao.

Niliruhusiwa mvua zilipokwisha kuanza. Nyumbani Pesambili alinipokea kwa maneno aliyokuwa ameyatunza.

"Shemeji, mimi bwege nilioga bure, sabuni tu ndiyo iliyokosekana. Wewe mwenye elimu ya ndege ukakimbia kuoga."

Watu walicheka hadi wakashika magoti. Na mimi nikacheka. Nilisikia kicheko changu na nikakitambua, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu kilimani.

Nilianza kwa miti mifupi, Pesambili akishika kamba chini na kulalamika. Nilishika tawi kwa vidole vinne nisivyovisikia, nikivitazama kwa macho kuhakikisha bado vimeshika. Nyuki waliniuma kiganjani, nikashuka na miiba yao nisijue mpaka mke wangu anaponichomolea. Miaka miwili ilikuwa hivyo.

Halafu msimu mmoja, niko juu ya mti mkubwa nyuma ya kijiji, mzinga umefunguka, nyuki mmoja akaniuma katikati ya kiganja. Nikapiga ukelele.

"Nini?" Pesambili akaita. "Unaanguka?"

"Kumeuma!"

"Si nyuki huyo? Ulitaka akubusu?"

Nilishuka bila asali. Nikaenda moja kwa moja nyumbani, mke wangu anapepeta mpunga, nikamnyooshea kiganja. Kilikuwa kimeanza kuvimba. Akatafuta mwiba, akakibonyeza kidogo, akanitazama usoni. Nikakunja uso. Akabonyeza tena, makusudi, nikarudisha mkono nyuma. Akakaa chini kwenye mkeka, ungo bado mapajani, akalia. Na mimi nikalia, kwa mara ya kwanza nikijua kuwa ni mimi ninayelia.

Namshukuru Mungu, na daktari, na dresa yule, na Kalinde kwa neno lake moja. Aliyeungua msimpake mafuta wala udongo. Mmwagieni maji safi ya baridi, mfunikeni kwa kitambaa safi, mpelekeni hospitali. Asipolia, msifurahi, fanyeni haraka zaidi. Na mgonjwa akisema amechoka na anataka akatwe, msimkasirikie, lakini pia msimsikilize upesi. Mtafuteni mtu mmoja ambaye hajachoka, akae karibu naye.

Ndege ile ya maji haikuja tena kwetu. Nyingine hupita juu mara mojamoja, kwenda sijui wapi. Zikipita, Mama Yustina hutoka jikoni na kusimama mlangoni, anitazame kama nitakimbia. Sikimbii. Nasimama uani, ndege inapita, na mkono unajikunja na kujikunjua wenyewe mpaka sauti iishe.