Hajibu, Mara Tatu

Kabla sijarekodi chochote, nachomoa friji. Ule mngurumo wake mdogo, ambao mtu mwingine hata hausikii, mimi nausikia katika kila sentensi. Ili nisisahau kuirudishia umeme, naweka kiatu changu kimoja ndani yake. Siwezi kutoka nyumbani na kiatu kimoja, kwa hiyo lazima nitaifungua. Ujanja huo niliupata mtandaoni, kwa watu wanaofundisha bure, kama nilivyopata karibu kila ninachokijua. Siku ya kwanza mama alirudi kutoka kazini kwenye nyumba ya wazee, akafungua friji, akabaki amesimama na koti lake mwilini.

"Hivi wewe, kiatu kinafanya nini karibu na kisamvu changu?"

"Ni cha kazi, mama."

"Kazi gani ya kupoza kiatu?"

Studio yangu ni kabati la nguo katika nyumba yetu ya mtaa wa Lawrence Heights, Toronto. Makoti ya baridi na vitenge vya mama vya kanisani vinameza mwangwi vizuri kuliko sponji zinazouzwa. Nakaa humo juu ya ndoo iliyogeuzwa, natafuna kipande cha tofaa la kijani ili mate yasilie mdomoni, kisha nasema sentensi moja mara ishirini, mara thelathini. Nasikiliza. Nafuta. Naanza upya.

Lazima niseme ukweli kuhusu mahali nilipojifunzia. Tulifika Toronto nikiwa na miaka minane, tukitokea kambi ya wakimbizi ya Kigoma, na televisheni ndiyo iliyokaa na mimi mama alipokuwa amelala baada ya zamu. Kulikuwa na kichekesho cha familia, cha Wamarekani, na ndani yake jirani mmoja mmbea. Mwanamke aliyemwigiza alikuwa na sauti kama ya mtu anayetafuna siri. Kiingereza changu kilianzia kwake. Kisha kile kipindi kikafutwa, na uso wake ukapotea. Nilidhani amekufa. Miaka miwili baadaye nikamsikia kwenye katuni, ndani ya mdomo wa kindi. Baadaye akawa mvulana mkorofi, akawa chupa ya sabuni kwenye tangazo, akawa bibi kizee mwenye mbwa tisa. Uso wake haukurudi tena, lakini mimi nilimtambua kila mara. Nilikuwa na daftari. Niliandika anapovuta pumzi, anapoacha neno lining'inie, na jinsi anavyokohoa kidogo, kikohozi cha sekunde moja, kabla ya kudanganya.

Sikuwa namwiga kwa mchezo. Nilikuwa nahamia kwake.

Majira ya kuchipua yaliyopita nilituma rekodi ya usaili wa katuni mpya, ya familia ya nguchiro wanaoishi chini ya stesheni ya treni. Nilitaka sehemu ya binti yao. Nilikuwa nauza kahawa siku tano kwa wiki, na nilikuwa nimeshatuma rekodi nyingi kiasi kwamba niliacha kuzihesabu. Nilijiambia hii ikikataliwa naitoa ile ndoo na kuliacha kabati liwe kabati. Walijibu. Waliniita studioni, katikati ya mji. Mwisho wa barua pepe waliandika kwamba maneno ya mama nguchiro yatasomwa na mwigizaji mwenyewe, kwa njia ya simu ya studio, kutoka Kalifonia. Wakataja jina.

Lilikuwa jina lake, yule jirani mmbea.

Nilijifungia chooni. Rekodi niliyokuwa nimewatumia ilikuwa sauti yake, imepunguzwa tu kidogo ili itoshe katika mwili wa mtoto.

Studioni, mwongozaji alikuwa mwanamume mpole mwenye soksi zisizofanana. Aliniweka nyuma ya kioo, akanipa hedifoni, na yule mwanamke akaingia masikioni mwangu kama mtu anayeingia jikoni kwake.

"Habari yako, mpenzi. Umekunywa maji?"

"Ndiyo." Sikuwa nimekunywa.

Nilisoma ukurasa wa kwanza. Nilipomaliza, yule mwanamke akacheka, taratibu, bila ubaya.

"Mpenzi, mimi bado sijafa."

Mwongozaji alicheka, akaniangalia, akaacha.

"Hiyo sauti ni yangu," aliendelea. "Mpaka kile kikohozi kabla ya uongo. Unajua nilikianzaje? Nilikuwa na mafua. Mafua kweli! Wakakipenda, nikakwama nacho miaka kumi na moja. Sasa, ya kwako iko wapi?"

Nilisema sina nyingine. Lilikuwa jibu la kijinga, lakini halikuwa na kikohozi.

Mwongozaji akaniambia tufungue ukurasa wa pili. Binti nguchiro amevunja mtungi na kujificha chini ya ngazi. Mama yake anamwita mara tatu. Upande wangu wa karatasi uliandikwa: *Hajibu.* Chini yake: *Hajibu.* Na tena: *Hajibu.* Nilitakiwa kutoa pumzi tu, ili mchoraji apate kitu cha kuchora. Nilifurahi. Nikasema moyoni, pumzi haiwezi kuibwa.

Yule mwanamke akaita. Hakuita jina langu, aliita la yule nguchiro, ila aliivuta silabi ya mwisho na kuipandisha juu, vilevile kama mama anavyoniita akiwa jikoni na mikono ina unga.

"Abee!" nikaitika.

Mwongozaji alibonyeza kitufe. "Samahani, umesema nini?"

"Hakuna. Turudie."

Akaita tena. "Abee!" Ilitoka kabla sijaijua, kama goti linalogongwa na daktari. Kwetu mtu mzima akiita haachwi aning'inie. Unaweza kuwa unaoga, unaweza kuwa umenuna, utaitika kwanza, mengine baadaye. Mara ya tatu nilijiziba mdomo kwa kiganja. Sikuitika, lakini hata pumzi haikuingia kwenye maikrofoni. Mwongozaji aliangalia saa ya ukutani, nami nikamwona.

"Hilo neno ni la nini?" yule mwanamke aliuliza. Nilieleza. "Na usipoitika inakuwaje?"

"Sijawahi kutoitika."

Mwongozaji alisema nirudi Alhamisi, kwa ukurasa huo mmoja tu. "Nitakwambia ukweli," aliongeza. "Yuko msichana mwingine. Na ni mzuri."

Nilikuwa na siku mbili. Niliingia kabatini na kujirekodi nikinyamaza, mara hamsini na kitu. Kunyamaza bila mtu wa kukuita ni kukaa tu kwenye ndoo. Jumatano, mama akisonga ugali, nikamwendea.

"Mama, naomba uniite."

"Nikuite na uko hapa?"

"Mimi naingia kabatini. Wewe niite mara tatu. Mimi sitaitika."

Aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Usicheze na hilo."

"Ni kazi, mama."

"Kazi ya viatu, kazi ya kunyamaza." Alianza kusonga tena, kwa nguvu. Kisha akasema, bila kugeuka, "Siku tuliyokimbia niliita mtu barabarani. Niliita mpaka sauti ikaisha."

Hakusema ni nani. Najua ni nani. Mdogo wake yuko kwenye picha moja tuliyo nayo, amevaa sweta la shule. Nilitaka kumwambia basi, tuache. Sikumwambia. Nilisimama pale nikisubiri, kwa sababu ilikuwa Jumatano na Alhamisi ilikuwa kesho.

"Haya, ingia humo," alisema.

Niliingia, nikafunga mlango. Aliita mara ya kwanza kama siku zote, ile ya njoo ushike sufuria. Nikajizuia. Ya pili ilikuwa na hasira kidogo ndani yake, au kitu nilichozoea kukiita hasira. Kifua changu kilipanda chenyewe, neno likafika nyuma ya meno, nikalirudisha. Ya tatu haikuwa ya juu. Ilikuwa ndogo. Ilikuwa kama anauliza.

Nilisukuma mlango mpaka henga za nguo zikaanguka. "Abee, mama! Abee. Niko hapa."

"Nakuona," alisema. Alikuwa amesimama katikati ya sebule na mwiko mkononi. "Njoo ule."

Kuna jambo jingine, na hili sijamwambia mtu. Kinasa sauti kilikuwa kinafanya kazi. Nilikuwa nimekiwasha kabla sijamwomba. Usiku ule nilisikiliza mara moja, nikaisikia pumzi yangu baada ya wito wa pili, imekatika mahali ambapo yule mwanamke wa Kalifonia hakuwahi kukata. Kisha nikafuta yote, pamoja na sauti ya mama. Ni rekodi pekee niliyowahi kuifuta bila kuwa na kosa.

Alhamisi sikubeba daftari. Mwongozaji aliinua kidole nyuma ya kioo, na yule mwanamke akaita. Nikashika ukingo wa meza. Akaita tena. Akilini mwangu mama alikuwa amesimama sebuleni na mwiko. Akaita mara ya tatu, nami nikavumilia, na sikujua kama nilichokuwa nakifanya ni uigizaji au ni dhambi. Kilichotoka kilikuwa hewa tu.

Niliachia ukingo wa meza.

"Nimekusikia," yule mwanamke akasema.

"Naomba nirudie. Ya pili nilichelewa kidogo."

"Hapana," alisema mwongozaji. "Nenda nyumbani."

Jumatatu walinipa kazi. Nilimwambia mama nitakuwa nguchiro. Akauliza kama nguchiro analipwa mwezi hadi mwezi.

Katuni ilipotoka, mama alikaribisha wanawake wawili wa kwaya. Walikuja na chapati, wakajaza sofa, na mimi nikakaa chini, kucha zangu kinywani. Mtungi ukavunjika. Nguchiro akaingia chini ya ngazi. Mama yake akaita mara moja, mara mbili.

"Mtoto gani huyu?" mmoja wa wageni akasema. "Mama anaita, yeye kimya kama gogo. Ndiyo adabu za huku hizo."

"Watoto wa Kanada," mwenzake akadakia. "Ukimgusa, polisi."

"Hebu ngojeni nyie." Mama aliinua rimoti akaongeza sauti. "Anaitika huyo. Sikilizeni vizuri."

Wakasogea mbele, wote watatu, vinywa vimejaa chapati. Kutoka jikoni friji ilikuwa inanguruma, ikipita juu ya pumzi yangu yote, na niliona kabisa mahali pa kiatu, rafu ya chini, pembeni ya maziwa. Miguu yangu ilitaka kuinuka, niende nikaichomoe. Nikakaa.