Mifupa tuliyofukua kwa shamba letu Moiben, tukadhani ni bwana ya jirani

Wakuu, habari za kwenu. Wale wa Eldoret na pande za Moiben nawasalimu mara mbili.

Hii kitu ilinitokea nikiwa msichana mkubwa, nikifundisha primary kabla hata sijapata cheti, miaka ya sabini ikianza. Sitatia chumvi. Pahali nimesahau, nitasema nimesahau.

Baba yangu alikuwa headman, yaani nyapara wa wafanyakazi, kwa shamba la mzungu. Uhuru ulipokuja na wazungu wakaanza kuuza, yeye na wenzake walichanga wakanunua lile lile shamba walilokuwa wakikamulia mtu ng'ombe. Wakagawana.

Sehemu yetu ilikuwa na shimo.

Si shimo la juzi. Ni duara kubwa limebonyea kama sufuria, nyasi hadi ndani, mawe yamepangwa kando. Pande zetu yako mengi, tunayaita mashimo ya Sirikwa, jina tulilolikuta tu. Mzungu alikuwa akisema ndovu ndio waliyachimba wakioga. Na siku ya kuuza alimwambia baba, "Mzee wangu akikuja hapa hakukuta mtu. Nyasi tu na wanyama." Kitabu nilichokuwa nikifundishia kilisema karibu hivyo hivyo.

Sasa sikieni.

Mbele ya hilo shimo kulikuwa na kilima kidogo chenye udongo mweusi, laini. Baba akaamua kuchimba choo hapo. Ilikuwa Jumamosi, mimi nafua nguo karibu. Nikasikia jembe limenyamaza, halafu baba akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Nikachungulia.

Kichwa cha mtu, wakuu. Kimelala upande, taya iko wazi.

Nikakaa chini na mikono imejaa povu la sabuni.

Hapa lazima niwaeleze kuhusu jirani yetu, Mama Jelagat. Bwana yake, Kimeli, alikuwa mchunga ng'ombe kwa huyo huyo mzungu. Walikosana juu ya ng'ombe wa Kimeli mwenyewe, mzungu akitaka auze wote. Asubuhi moja, miaka kabla ya Uhuru, Kimeli akatoka na mifugo. Jioni ng'ombe wakarudi peke yao. Hakuna mwili, hakuna kesi. Kila mtu kwa laini za nyumba za wafanyakazi aliamini mzungu anajua.

Huyo mama hakuolewa tena. Alinunua share kwa shamba lile lile ndio asiende mbali.

Habari zilimfikia kabla ya polisi. Alikuja mbio bila viatu, akaingia ndani ya shimo la choo, akapiga magoti.

"Kimeli! Nilijua! Nilijua wamekuweka hapa!"

Baba akamwambia polepole, "Mama Jelagat, toka kwanza."

"Sitoki. Huyu mtu ni wangu."

Polisi walipofika, sajini alimgeukia baba. "Wewe ndiye ulikuwa headman wakati huyu alipotea?"

"Ndiyo, afande."

"Na kwa shamba lote hili, ulijuaje uchimbe hapa?"

Baba akasema alitafuta udongo laini tu. Walimpeleka station, wakamwachilia kesho yake, lakini wenzake aliochanga nao walikuwa wameacha kumsalimia. Kanisani tulikaa benchi peke yetu. Mimi mwenyewe nilimwangalia baba akinywa chai, nikajiuliza kama ninamjua. Hiyo ndiyo iliniuma kuliko yote.

Kilichotuokoa ni DO, afisa wa serikali wa tarafa yetu. Aliona vipande vya chungu kwa ule udongo, akasimamisha kila kitu, akaita mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Nairobi. Ni kijana Mwafrika, alikuja na Land Rover na brashi ndogo ndogo. Alikwangua pole pole siku nyingi, hadi mifupa yote ikaonekana. Kisha akaita kijiji kizima, Mama Jelagat mbele.

"Mama, bwanako alikuwa na umri gani?"

"Kijana tu. Hata ndevu hazikuwa zimejaa."

"Angalia meno ya huyu. Yamelika hadi karibu na ufizi. Huyu alikuwa mzee sana."

Akatuonyesha vile magoti yamekunjwa, vile amelazwa kwa upande. Akasema lile shimo ni boma ya ng'ombe ya hao Sirikwa wenyewe, watu walioishi hapa zamani, na hapa kando ndipo nyumba ilikuwa, na mlango wa boma ni huu. Kilima chetu ni mavi ya ng'ombe yaliyofagiliwa nje miaka na miaka, kabla mzungu yeyote hajaijua hii nchi.

"Huyu hakutupwa," akasema. "Watoto wake ndio walimzika."

Watu wakasogea karibu.

Baba akauliza, "Kumbe walikuwa na ng'ombe hapa?"

"Wengi, mzee."

"Na tuliambiwa hakukuwa na mtu." Alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Nilidhani atafurahi kwa vile ameoshwa jina. Wapi. Alikuwa ameshtuka kutushinda sisi wote.

Halafu Mama Jelagat akauliza, "Basi wangu ako wapi?"

Mtaalamu alivua kofia.

Alitaka kwenda na mifupa Nairobi. Mama Jelagat akamkatalia: "Umesema mwenyewe watoto wake ndio walimzika. Mrudishie udongo." Mwishowe alibeba vile vipande vya chungu tu, na huyo mama ndiye alianza kufukia, kwa mikono. Baba akapiga magoti kando yake, wakasaidiana.

Jumatatu niliwaambia wanafunzi wangu wafunge kitabu, nikawapeleka kwa shimo.

Funzo langu: ukiambiwa mahali palikuwa patupu, uliza ni nani anakwambia na alikuwa anauza nini.

Wenye mashimo kama haya kwa shamba zenu, mmeyafanyia nini? Msiyasawazishe na tinga, tafadhali.

Na kama kuna mtu alisikia kwa wazee wake habari ya mchunga ng'ombe anaitwa Kimeli, aliyepotea kwa shamba la mzungu upande wa Moiben, andika hapa chini. Mama Jelagat alishazikwa, lakini Jelagat, binti yao na Kimeli, yuko hai, na bado anauliza.