Shukrani ya Rachelle

Mama Godelieve Nkulu alipoanza kusema kwamba yeye sasa ni kocha wa wanawake waliochoka, watu wa mtaa wetu wa Manika, mjini Kolwezi, walicheka mpaka mbavu zikawauma. Kocha! Wa timu gani, mama? Mutavaa jezi? Shemeji yake, mzee Kalenga, alimuuliza mbele ya watu kama siku hizi kuna shule ya kufundisha mtu kukaa chini. Godelieve alicheka nao, maana si mtu wa kununa, lakini alijua anachokisema. Miaka mingi alikuwa muuguzi katika kliniki ya mgodi. Asubuhi moja aliingia chumba cha dawa kuchukua sindano, akakaa sakafuni, akashindwa kuinuka. Hakuwa na homa wala malaria. Alilia tu, huku mgonjwa anamsubiri mlangoni. Daktari aliita ugonjwa huo surmenage, yaani kuchoka kupita kiasi. Mama mkwe wake aliuita uvivu.

Alipopata nafuu alikwenda Lubumbashi kujifunza kwa masista namna ya kuwainua wengine walioanguka kama yeye, akarudi, akaomba ukumbi wa parokia kila Jumamosi alasiri. Wakaja walimu, makarani wa ofisi ya komini, wauza unga, hata wanawake wanaoosha mawe ya shaba. Aliwafundisha mambo ambayo ukiyasikia mara ya kwanza unaona ni upuuzi mtupu: kumwambia mume "leo mutoto ni wako", kulala mchana bila kujificha, kuketi kidogo mikono ikiwa haina kazi. Hilo la mikono ndilo lililowashinda. Mikono ya mama wa Kolwezi haijui kupumzika. Ikikosa kazi itatafuta hata uzi kwenye kikwembe iuvute.

Kazi ilikuwa nzuri, nisimwonee. Ila wale walikuwa wanawake wa sala, na katika vikundi vya sala kwetu mtu haponi kimya kimya. Akipona anasimama, anatoa ushuhuda. Akishatoa ushuhuda analeta shukrani, yaani anapikia kundi zima, na chakula chenyewe kisiwe cha aibu. Hakuna aliyekata shauri kwamba desturi hiyo iingie kwa Godelieve. Iliingia kama vumbi la malori linavyoingia nyumbani, hujui limepita wapi. Na Godelieve hakulifagia, kwa sababu shuhuda zile zilimpendeza. Baada ya kuchekwa vile, ni nani asingependa kusikia mtu akisema mbele ya watu, "Mama huyu ameniponya"?

Ndipo akaja Rachelle Kankolongo.

Rachelle alikuwa mpishi katika kantini ya mgodi mmoja upande wa Mashamba. Basi la wafanyakazi lilimchukua kabla ya jua na kumrudisha jua likishuka, ila Jumamosi lilimrudisha mchana. Mume wake, Stany, alikuwa mchimbaji wa kule Mutoshi, leo yupo, kesho hujui yuko wapi. Watoto alimwachia mdogo wake Falonne. Jumamosi ya kwanza Rachelle alikaa nyuma kabisa, na alipopewa kikombe cha chai alikiinamisha hadi chai ikamwagika mapajani. Hakushtuka. Alikitazama kile kitambaa kilicholowa kana kwamba ni cha mtu mwingine. Godelieve aliona vile. Alijiona mwenyewe sakafuni mwa chumba cha dawa, akaapa kwamba huyu hatampoteza.

Akamshika kweli kweli. Alikwenda kwake, akazungumza na Falonne kuhusu watoto, akamwandama Stany mpaka akakubali kuteka maji siku anazokuwa nyumbani. Rachelle akaanza kulala. Akaanza kucheka. Jumamosi moja alisimama bila kuitwa, akasema kwa ile sauti yake nene inayojaza ukumbi, "Bamama, mi nilikuwa maiti mwenye kutembea. Leo niko mutu." Ayayayai! Vigelegele vilivyopigwa siku ile vilisikika mpaka barabarani. Wanawake walilia. Godelieve alilia kuliko wote.

Na Jumapili iliyofuata, siku yake ya pekee ya kupumzika, Rachelle alileta shukrani: ugali wetu wa bukari, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga. Alipika tangu asubuhi kwa ajili ya kundi lililomfundisha kutopika siku ya mapumziko. Godelieve alikula, akasifu chumvi, akaomba nyongeza ya sombe. Hapo, mama yangu, hapo palepale ndipo alipopaswa kuweka sahani chini. Leo akiulizwa ni wapi alipokosea, haendi mbali, anataja ile sahani.

Ushuhuda mzuri haukai nyumbani. Parokia nyingine wakasikia, wakataka kumwona Rachelle. Kikundi cha wanawake wa Kiprotestanti wakamwita. Godelieve akawa anamchukua kila Jumamosi kikao kikiisha, na mara nyingi Jumapili pia, wote wawili nyuma ya pikipiki moja ya teksi-moto, na kila walipofika Rachelle alisimama na kusema alikuwa maiti. Wanawake wapya wakajaa ukumbini kwa ajili yake. Na kwa kuwa anapika vizuri na ameshapona, nani apike shukrani za wengine? Si Rachelle? Wakamtania wakimwita mama kantini. Yeye alicheka, akafunga kikwembe kiunoni, akashika mwiko.

Siku moja, nyuma ya ukumbi, akiwa anasonga bukari, alimwambia Godelieve bila kuinua macho, "Mama Gode, leo ninaomba nikae. Mi nilishachoka."

Godelieve aliruka kama aliyeguswa na kaa la moto. "Ee! Funga kinywa, Rachelle! Unataka kuita ile ugonjwa irudi? Mutu mwenye kupona hasemi vile. Usikane ushuhuda wako."

"Hapana, mama. Nilisema paka vile tu."

"Sema niko muzima."

"Niko muzima."

Wanawake waliokuwa wanamenya vitunguu wakaitikia amina, na mwiko ukaendelea kuzunguka. Ilikuwa mchana mweupe, watu wanacheka, chakula kinanukia, na Godelieve hakuona kitu. Yeye, muuguzi! Yeye aliyejua kabisa jinsi mtu anavyosema "nilishachoka" kwa mara ya mwisho kabla hajakaa sakafuni! Angemwambia hivyo mgonjwa wa malaria? Angemwambia kwamba akitaja homa anaikana dawa yake? Lakini hakuwa anamtazama mgonjwa tena. Alikuwa anautazama ushuhuda wake, na aliogopa usije ukaharibika.

Haukupita muda. Asubuhi moja basi la mgodi lilifika Mashamba, watu wote wakashuka isipokuwa Rachelle. Josias, dereva, alidhani amelala, akaenda kumwamsha. Macho yalikuwa wazi. Aliulizwa kama anaumwa, akasema hapana. Akaambiwa ashuke, akasema ndiyo, lakini hakusogea. Josias, Mungu ambariki, hakumfokea. Aligeuza basi zima akampeleka hospitali.

Falonne ndiye aliyekuja kumwambia Godelieve. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaribishwa. "Mama," alisema, "huu ukumbi wako njo ile pahali dada alikuwa anakuja kupumzika?" Basi. Akaenda zake, na Godelieve akabaki ameshika mlango. Angetukanwa angefarijika.

Alikwenda hospitali siku ileile. Njiani alitengeneza maneno: nitamwambia mi njo nilikosa, kosa ni langu, nitamwambia alale, asinijibu kitu, ushuhuda ule ufe. Alimkuta Rachelle amelala ubavu, uso ukutani, mikono imetulia juu ya shuka. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona mikono ile haifanyi kitu. Akamwita polepole.

Rachelle aligeuka. Alipotambua ni nani, alijiinua kwa shida, akatafuta kilemba chake, akakifunga vibaya, akakaa wima kama mtu anayepokea mgeni. Na kabla Godelieve hajafungua kinywa, akaanza kulia.

"Unisamehe, mama. Nilikuharibishia kazi. Bamama batasema nini? Nilisema mbele ya Mungu kama nilipona, na sasa ona fasi niko."

"Hapana, Rachelle. Mi njo..."

"Usibaambie, mama. Nakuomba. Ukibaambia, benye banakuja kwako batakata tamaa. Baambie niko safarini."

Godelieve alimshika mkono. Maneno aliyoyatengeneza njiani yote yalikuwapo, mdomoni kabisa, lakini Rachelle alikuwa anamtazama kwa hofu kubwa, akisubiri ahadi, na kumkatalia pale kitandani alikuona ni kumwongezea mzigo. Akaahidi. Ndivyo alivyojidanganya, kwamba anamhurumia.

Wiki hiyohiyo mama mzazi wa Rachelle alitoka Kamina, akamchukua yeye na watoto, wakaondoka naye. Kantini walishaweka mpishi mwingine. Godelieve alipata habari wakiwa wameshafika.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama madirishani. Nyuso nyingi zilikuwa ngeni, wanawake wenye macho mekundu na midomo mikavu, waliotoka mbali kuja kumsikia yule aliyekuwa maiti. Godelieve alisimama mbele yao. Ilikuwa nafasi yake, na aliijua. Neno moja tu la kweli, na kila mwanamke mle ndani angepata ruhusa ya kusema amechoka bila kuogopa. Mama mmoja wa mbele, kitoto kimemlalia mgongoni, aliinua mkono akauliza, "Mama kocha, na ule Rachelle iko wapi?"

"Iko safarini," alisema Godelieve. "Iko muzima."

Wakapiga vigelegele.